Kolekteri Yangu na Mashangazi wa Kapolowe

Leo nimeaibika. Tena sikuaibika kimya chumbani. Nimeaibika katikati ya barabara ya mtaa wetu wa Kikula, nikiwa na abakosti mpya mwilini, ile suti isiyovaliwa na tai, mbele ya wakwe.

Ninyi marafiki zangu wa Kolwezi mtaisikia tu, maana habari ya namna hii haingoji gari-moshi. Afadhali muisikie kwangu kabla wengine hawajaiongezea mikia. (Mikia inayo ya kutosha.)

Mnaijua ile motokari yangu ya manjano, ya Kijapani. Muzungu mmoja aliniachia alipokuwa anarudi kwao, sababu moteri ilikuwa imekufa na hakuna aliyetaka kuigusa. Moteri yenyewe haina pistoni. Ndani mnazunguka vipande viwili vya pembetatu, basi. Hapa Kikula watu hawakubali. "Moteri bila pistoni!" wananiambia. "Njo kusema hata weye utazaa bila bibi?" Lakini mimi nimetengeneza malori miaka tisa. Niliifungua, nikabadilisha sili zake zinazozuia hewa isivuje, ikafufuka. Tangu siku ile kichwa changu kikavimba.

Kibaya kilichobaki kilikuwa kolekteri tu. Huo ni ule mkono wa aluminiamu unaopokea hewa na esanse, yaani petroli, zikishachanganywa kwenye karburateri, na kuzigawa ndani ya moteri. Wangu ulikuwa na ufa. Ningeweza kuuchomelea. Ningeweza kwenda Lubumbashi kutafuta mwingine kwenye gari la aina ile lililogongwa. Au ningeweza kutengeneza mpya mwenyewe, mnene, na kukalisha juu yake karburateri ya lori. Tundu la karburateri hiyo linapitisha yai la kuku.

Nilichagua yai la kuku. (Hakuna aliyenilazimisha.)

Aliyenisaidia kuumimina ni Tata Mwape, jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya kuyeyusha vyuma na kuvimimina katika kalibu za mchanga. Alichukua kolekteri ya zamani, akaigeuzageuza, akaingiza kidole katika kila njia. Njia zilikuwa nne, mbili nyembamba na mbili nene, na ukuta katikati yake.

"Kalenga," akasema, "huu ukuta iko na kazi. Moteri ikitembea pole, inapumulia mu njia kidogo. Ikikimbia, njo inafungua ile kubwa. Ukibomoa ukuta, hewa italegea. Esanse itaanguka chini sawa mate."

"Tata," nikamjibu, "weye unajua muchanga. Minye najua moteri."

Mzee alinitazama kidogo, akamimina. Ukuta sikuuweka.

Alhamisi nikaijaribu kwenye barabara ya Kapolowe. Ndugu zangu, ilipaa! Niliyapita malori mawili, na kuku mmoja ambaye mpaka sasa sijui kama alivuka. Ndani ya mji ilikohoa kidogo, ni kweli. Nikasema ni vumbi. Niliporudi nyumbani nikatangaza mbele ya wote kwamba mdogo wangu wa kike, kwa jina Mujinga, aliyekuwa anaolewa Jumamosi, ataenda kanisani ndani ya motokari yangu na si katika nyingine. (Kujaribu mwendo wa polepole sikufanya. Nani anatengeneza moteri ili aende polepole?)

Basi, Jumamosi ni leo.

Kutoka kwetu hadi kanisani haifiki kilomita moja. Mbele walitangulia mama wa kwaya, wakiimba na kucheza. Katikati mimi, na Mujinga nyuma yangu ndani ya gauni jeupe, amekaa wima kama mshumaa. Nyuma ya gari walifuata mashangazi watatu wa bwana-arusi, wametoka Kapolowe tangu alfajiri. Blauzi nyeupe zote tatu, zimepigwa pasi mpaka zinakata. Mkubwa wao ni Mama Kisimba, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Tangu mambo ya mahari yaanze, neno lake ndilo lilikuwa la mwisho.

Kwaya ya Kikula haitembei. Inapiga hatua moja mbele, inazunguka, inapiga makofi, inarudi nusu hatua. Baada ya nyumba ya tatu moteri ikaanza kulalamika.

Gbo. Gbo-gbo. Kimya. Gbo.

Nikakanyaga pedali ili isizimike. Ikanguruma kama inataka kupanda mlima. Mama wa kwaya wakaruka, sauti ya tatu ikapanda mpaka ya kwanza.

"Yaya, unafanya nini?" Mujinga akaniuliza mimi kaka yake.

"Napumulisha moteri."

"Pumulisha pole! Bantu batasema tunakimbia arusi."

Nikaiachia pedali. Ikataka kufa. Nikakanyaga tena, ikanguruma. Nikaachia, nikakanyaga. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Wakati huo wote esanse ilikuwa inalala ndani ya kolekteri yangu mnene, inashuka kidogo kidogo bila kuungua, inapita moteri, inaenda kujikusanya kwenye bomba la moshi lililokuwa jekundu kwa moto. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba tumefika kwenye njia panda na askari ameinua mkono kutusimamisha. Nikatoa mguu wote kwenye pedali.

PAAA!

Sijawahi kusikia kitu kama kile nje ya mgodi. Kwaya nzima ikalala chini. Askari akaruka ndani ya mfereji, filimbi ikiwa bado mdomoni, na huko mferejini ikaendelea kulia, fii, fii, kila alipopumua.

Akatoka, kofia imegeuka, akidhani ni risasi. "Nani anapiga masasi?"

"Hakuna masasi, shefu. Ni moteri."

"Fungua!"

Nikafungua boneti. Akainama, akatazama kwa muda mrefu. Mtu mmoja kwenye kundi (Mungu amlipe) akapaza sauti: "Shefu, ile moteri haina pistoni!"

"Ni kweli?" askari akaniuliza.

"Ni kweli, shefu. Haina."

"Haina pistoni, na inapiga masasi." Akanisogelea, akaniita raia kwa Kifaransa cha serikali. "Citoyen, hii ni motokari ao ni bunduki?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya njia nyembamba na njia nene. Namshukuru Mungu, Mujinga alinitangulia. Alitoa kichwa dirishani pamoja na shela yake yote.

"Shefu, kama ni bunduki, basi minye njo niko sasi yake. Padri ananingojea. Tuache tupite!"

Watu wakacheka. Askari alijizuia, akashindwa, akacheka pia. Akatupungia mkono tupite. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, Kalenga, umepona.

Halafu nikageuka nyuma.

Mashangazi walikuwa wamesimama pale pale, wameshikana mikono. Masizi yote ya lile bomba yalikuwa juu yao. Blauzi tatu zilikuwa na madoa meusi kama ngozi ya chui. (Na ngozi ya chui, ninyi wenyewe mnajua, haivaliwi na kila mtu.) Mama Kisimba alipangusa shavu kwa kidole kimoja, akakitazama kile kidole. Hakuna aliyecheka tena.

Msidhani ni jambo dogo. Familia zetu zilisumbuana mwaka mzima kabla ya kukubaliana. Wakwe wakivunjiwa heshima asubuhi, arusi inaweza kurudi nyumbani mchana. Nilimtazama Mujinga. Yule aliyemfanya askari acheke alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, na macho yake yamejaa machozi.

Nikaenda kupiga magoti vumbini, na abakosti yangu.

"Mama, munipige minye. Mutoto hana kosa."

"Nani alitengeneza hii kintu?" Mama Kisimba akauliza.

Tata Mwape alikuwa amesimama kwenye kundi, kofia mkononi. Nilimtazama. Yeye alitazama mawingu. Ingekuwa rahisi kusema mzee ndiye aliyemimina.

"Ni minye peke, mama," nikasema. "Tata Mwape alinikataza. Sikumusikia."

Nikaanza kuhesabu mawe yaliyokuwa chini ya magoti yangu.

"Muntu anayekubali kosa yake mbele ya bantu, tunaweza kuoana na familia yake," akasema mwishowe. "Lakini utafua. Leo. Na mikono yako, mbele ya bote. Na mutoto atashuka mule. Atatembea na sisi."

Akafungua mlango mwenyewe, akamshika Mujinga mkono. Wakaenda kwa miguu, mashangazi wenye madoa kushoto na kulia, kwaya mbele, gauni linaburuza vumbi jekundu. Vigelegele vilivyoanza njia panda havikukoma mpaka kanisani. Watu walitoka sokoni kuwafuata. Arusi nzuri namna ile sijaiona, na mimi niliiona kwa mbali, sababu nilikuwa nashika usukani wa motokari iliyozimika tangu ule mlipuko, huku wasimamizi sita wa arusi wakiisukuma. Tulifika wakati wa sala ya Baba Yetu, misa karibu kwisha.

Na karamuni? Wengine walikula bukari, ndiyo ugali wetu, na kuku. Mimi niliwekewa beseni chini ya bomba la maji, katikati ya uwanja, mikono ya abakosti imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Mashangazi walikuwa wamejifunga vitenge vya kuazima, wamekaa kwenye viti kunizunguka kama mahakama.

"Kwapa! Kwapa bado!"

"Usikamue hivyo, utapasua!"

"Muke wake anamulishaka nini? Hana nguvu!"

Bibi yangu, badala ya kunitetea, aliwaletea mashangazi kinywaji. Mama Kisimba, asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akashika mbavu. Tata Mwape akaja na kiti chake, akakaa karibu nami. Nilingoja anitukane.

"Jumatatu kuya na kolekteri ya zamani," akasema tu. "Tutafunga ufa yake."

Angenitukana, isingeniuma kiasi hicho.

Sasa mashangazi wako weupe, Mujinga ameolewa, na mikono yangu imejikunja kama ya mtoto aliyetoka mtoni. Iko shida moja tu. Mpiga picha wa arusi alinipiga picha nne, na mbili amekwisha kuahidi kuwauzia watu wa Kolwezi. Zikifika, tafadhali, msicheke: yule aliyeinama kwenye beseni ana bibi, ana watoto, na Jumatatu anarudi kazini.