Taa ya Mraba wa Kona

Jumatatu, 3 Machi
Ukumbi wa harusi unakodishwa kwa mtandao tu. Mwisho Alhamisi, saa sita mchana. Baba mkwe keshasema: ukumbi ukikosekana tena, harusi hakuna. Mara ya kwanza ulitupita nikiwa bado napima madirisha ya ukumbi wenyewe.

Mchumba kauliza kama nitaweza. Nimecheka! Mimi fundi vioo, nishindwe na tovuti?

Tovuti inataka nithibitishe kuwa mimi si roboti. Imeleta picha ya mtaa iliyogawanywa miraba, nichague miraba yote yenye taa za barabarani. Nimechagua. Imekataa. Nimerudia hadi kidole kikauma. Roho iko juu juu.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua kosa! Taa moja imeingia kidogo kwenye mraba wa kona, kiasi cha ukucha. Nimeubofya. Imekataa. Nikabofya na nguzo, maana taa haielei hewani. Imekataa.

Mchumba kapiga simu. Nimemwambia mambo yanaenda vizuri. Jasho limenitoka nikiwa nimekaa.

Jumatano, 5 Machi
Mpiga picha wa duka la jirani, yule aliyewahi kumposa mchumba wangu akakataliwa, kaingia bila hodi. Eti nichague miraba inayoonekana wazi tu, mingine niachane nayo. Nimemwambia ndiyo maana picha zake zinakata watu vichwa. Kaondoka anatabasamu. Tabasamu lile silipendi.

Mpango mpya: roboti ana haraka, basi mimi nibofye polepole, huku nikikohoa kibinadamu. Tovuti ikasema muda umekwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Mchumba kaja dukani saa sita ikikaribia. Kachukua simu, kabofya bofya huku anasalimiana na mteja. Imekubali! Nusura nilie. Ukumbi huo hapo, kimebaki kitufe cha kuthibitisha.

Lakini mraba wa kona alikuwa ameuacha. Nimeuona kwa macho yangu! Nikarudi nyuma niurekebishe.

Tovuti imenifungia. Saa sita ikapita.  Mchumba kavua pete, kaiweka juu ya kioo, kasema atakuja kesho na baba yake.

Ijumaa, 7 Machi
Wanakuja jioni. Mjomba kanisihi niombe radhi tu, nisiongeze neno.

Lakini nimejiandaa. Ile picha ya miraba, niliyoihifadhi kwenye simu, nimeichapisha, kubwa kama mlango, na taa ya kona nimeizungushia wino mwekundu. Baba mkwe akiiona tu, ataelewa.

Mpiga picha kanichapishia bure. Kumbe ana roho nzuri.