Maziwa ya Bi Saleha

Jumatatu, 12 Agosti 1957

Lahaula! Tangazo limebandikwa kwenye lango la bustani ya serikali hapa Kilindoni. Kwa sababu ya homa hii ya mafua inayozunguka dunia, watu wasisongamane. Kwa hiyo Mtaa wa Juu wataingia kila siku, alasiri hadi magharibi, wao na jamaa zao. Sisi wa Bondeni ni Ijumaa, saa saba mchana, kwa muda wa saa moja tu. Ijumaa saa saba! Wanaume wote tuko msikitini!

Mtaa wa Juu wana nyua pana zenye mikomamanga. Hewa wanayo ya kugawia mbuzi. Bondeni nyumba zimekumbatiana. Jirani akipiga chafya unamwombea rehema bila kuinuka kitandani. Binti yangu Kidawa homa imemwacha, kikohozi kimebaki. Dresa wa hospitali kasema moshi utammaliza, akae penye upepo na kivuli. Pwani? Pwani ni jua la utosi na samaki walioanikwa. Ni bustanini tu. Nimeapa ataingia. Na mimi nitakalia lile benchi la kijani.

Jirani yangu Ussi, msuka madema ya kuvulia samaki, anasema twende wote ofisini tukalalamike. Mtu ananuka chambo, anataka kwenda ofisini! Nimemwambia mambo haya yanataka akili.

Jumanne, 13 Agosti

Nimepata! "Wao na jamaa zao." Nimeliwaza neno hilo cherahanini hadi nikashona mkono wa kanzu shingoni.

Udugu wa nasaba siwezi kudai. Wale wanahesabu mababu mpaka Omani. Lakini udugu wa kunyonya! Bi Saleha, mwenye nyumba kubwa kuliko zote Mtaa wa Juu, ujanani alinyonyesha nusu ya watoto wa mji. Sasa macho yamefifia na kumbukumbu pia. Mama yangu, Mungu amrehemu, hayupo wa kunikanusha.

Nimemwendea. Shikamoo ya magoti. Nikamwambia mimi ni mwanawe, alininyonyesha mama alipokuwa mgonjwa. Nilitegemea atasita. Masalale! Kalia machozi. Kasema ananikumbuka sana, nilikuwa nauma.

Mke wangu Chiku sijamwambia. Mipango mikubwa haitaki maswali.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeingia! Abeid, mlinzi wa lango, alikwishaambiwa na Bi Saleha. Kanipigia saluti. Mimi! Nimekaa benchini, nimenyoosha miguu, nimemumunya ubuyu. Ussi akapita nje ya ua wa michongoma na dema kichwani. Nikampungia. Hakunipungia. Wivu ni ugonjwa.

Kidawa nitampeleka kesho. Leo nilikuwa naukagua upepo. Upepo ni mzuri.

Alhamisi, 15 Agosti

Siamini ninachokiandika.

Nimeingia na Kidawa. Bi Saleha alikuwa chini ya mkungu anaongea na Mwalimu Mfaume, yule anayesomesha Kurani chuoni. Kidawa akaniponyoka, akakimbia, akampandia Bi Saleha mapajani na kumwita bibi. Nikashangaa. Bi Saleha naye akashangaa, akaniuliza nimempata wapi mtoto wa Chiku. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni wangu, mama yake ni mke wangu.

Kipepeo cha mkononi kikamdondoka Bi Saleha, akamaka.

Chiku! Yule mtoto wa Shamte wa Juani, aliyefiwa na mama yake angali mchanga! Bi Saleha ndiye aliyemlea na kumnyonyesha mpaka akaacha ziwa! Mwalimu Mfaume akashika ndevu. Akasema kama ni hivyo, basi nimemwoa dada yangu, na ndoa hiyo haipo.

Haipo! Ndoa yangu! Kwa sababu ya benchi!

Nyumbani nimemuuliza Chiku kwa nini hakuniambia. Kasema aliniambia kabla hata ya posa, na kila sikukuu akipeleka mikate kwa Bi Saleha huniambia, ila mimi huwa nazungumza. Nikauliza basi kwa nini asimpeleke Kidawa bustanini siku zote hizi. Akasema ataingiaje na mwanawe, watoto wa jirani wakikohoa nje? Kisha kanitolea mkeka. Kasema kaka halali chumba kimoja na dada.

Niko kwa Ussi, katikati ya madema. Hajanicheka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ijumaa, 16 Agosti

Baada ya swala Mwalimu Mfaume kanisimamisha mbele ya watu wote. Niape: nilinyonya au sikunyonya? Nikisema nilinyonya, bustani ninayo na mke sina. Nikafikiri kidogo. Kidogo tu! Niliogopa kweli. Nyumba bila Chiku ni kuta na moshi. Nikaapa kwamba nilidanganya.

Msikiti mzima uliguna. Bi Saleha alipopelekewa habari kauliza basi aliyekuwa anauma ni nani.

Mkeka wangu umerudi nyumbani. Chiku kanionyesha ukumbini pa kuutandika.

Jumamosi, 17 Agosti

Maajabu hayaishi! Alasiri Chiku kakusanya watoto wote wa Bondeni, kawapanga wakiachana nafasi kama tangazo lisemavyo, akaenda nao langoni. Abeid akazuia. Bi Saleha akaja na bakora yake, akasema wote ni wajukuu zake na anayebisha amwambie usoni. Hakuna aliyebisha! Lango likafunguliwa. Na Ussi kaingia, kabeba watoto wake wawili. Kakaa kwenye benchi la kijani. Ussi!

Mimi nilichungulia kwenye michongoma. Kidawa alikimbia chini ya mikungu, akakimbia tena, na sikusikia kikohozi. Nililia. Naandika wazi, nililia kwa furaha, na miba ilinichoma.

Ila jambo moja si haki. Bondeni nzima imeingia, na aliyekatazwa ni mimi peke yangu! Amri ya Bi Saleha mwenyewe.

Sasa nimesikia Abeid kwao ni Kirongwe. Kirongwe! Babu yangu alikuwa akienda huko kununua nazi. Haikosi alichanjiana udugu na babu yake Abeid. Ndugu wa damu hazuiwi langoni. Na damu si maziwa, haivunji ndoa ya mtu.

Kesho mapema naenda kumwamkia. Chiku nitamwambia nikishaingia.