Jengo Lisilo na Mgonjwa

Mkurugenzi wa Makazi ya Uangalizi alitangaza, mbele ya kamera na Waziri, kwamba ugonjwa umefutwa rasmi katika jengo lake. Wakazi wote, wazee kwa walemavu, walikuwa na afya tele, kwa mujibu wa takwimu za zahanati ya ghorofa ya chini. Takwimu zilikuwa sahihi kabisa. Zahanati ilikuwa na kufuli.

Mkurugenzi hakuwa mjinga. Zamani ilipokuwa wazi, watu walimiminika kila asubuhi: huyu presha, yule kisukari, mwingine kifua. Aibu tupu! Ndipo akagundua kwamba mtu haugui mpaka apimwe. Muuguzi akahamishiwa kupanga viti ukumbini, na lifti ikazimwa ili wakazi wanufaike na ngazi.

"Miguu imenivimba, baba," Bibi Cherehani, fundi nguo mstaafu wa ghorofa ya nne, alimlalamikia baada ya hotuba. "Ngazi nashuka kwa makalio."

"Hayo ndiyo mafanikio, mama. Unashuka mwenyewe."

Waziri, machozi yakimlenga, alimshika Mkurugenzi bega. "Wewe si uliomba serikali ikupeleke nje ukatibiwe goti?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Tiketi tayari."

"Ya nini tena? Uache kisima nyumbani ukaombe maji kwa jirani? Hamia hapa!"

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi naye akapiga. Kamera zilikuwa zinamtazama.

Akapewa chumba mkabala na Bibi Cherehani. Siku ya kwanza alipanda ngazi kama mwenye nyumba. Wiki haikuisha, akajikuta kaganda katikati ya ngazi, goti limefura kama boga, kupanda hawezi, kushuka hawezi. Bibi Cherehani, aliyekuwa akiteremka kwa mtindo wake, akasimama hapo hapo.

"Pole, mwanangu. Unaumwa?"

Alitaka kukana. Alikuwa na wadhifa. Lakini goti halijui wadhifa.

"Naumwa, mama," akasema. "Naumwa sana."

"Basi piga kelele. Sisi tumepiga mpaka tumekauka koo. Labda wewe watakusikia."

Akapiga. Kesho yake kufuli likakatwa, lifti ikawashwa, na muuguzi akaachana na viti. Mkurugenzi akachechemea moja kwa moja mlangoni, Bibi Cherehani akamvuta shati.

"Foleni inaanzia kule nyuma, baba."

Akaenda nyuma. Kwa mara ya kwanza akawasikia watu wake: mzee aliyekuwa akianguka bafuni, mama aliyekuwa akigawana vidonge na jirani, nusu kwa nusu. Akainamisha kichwa, akajifanya anakagua sakafu.

Dawa zikafanya kazi. Miguu ya Bibi Cherehani ikaingia tena viatuni. Goti la Mkurugenzi nalo likakunjika.

Ila takwimu! Wagonjwa walikuwa wametoka sifuri hadi jengo zima. Wizara ikaingiwa na kiwewe, ikaunda kamati ya kuchunguza mlipuko. Kamati ikachunguza kwa weledi mkubwa, ikabaini kwamba magonjwa yote yaliingia jengoni pamoja na Mkurugenzi. Kwa kulinda afya ya umma, akaondolewa chumbani na kazini.

Wakazi walimsindikiza hadi getini.

"Usihuzunike, mwanangu," Bibi Cherehani akamwambia, akimpa mkono. "Mwanzo ulituletea afya, tukazikana. Sasa umetuletea magonjwa, tumepona."