Panya Wangu wa Maji ya Chumvi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Panya wa maabara wamezaa jana. Leo madume wamegawanywa. Mustaf, mwanafunzi mwenzangu, kapewa kundi la homoni ya tezi ya shingo. Mimi, maji ya chumvi. Daktari Sahra alieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba korodani za panya mchanga zina seli ambazo bado hazijaanza kazi. Homoni ile huzisukuma zikomae, zitengeneze testosteroni. Za Mustaf zitasukumwa mapema. Zangu zitakwenda mwendo wa kawaida, ili tofauti ionekane. Mwishoni mmoja wetu atapelekwa Nairobi kuwaeleza watafiti. Nani atamwalika mtu wa chumvi?

Jumanne, 4 Februari

Kosa: nimemwambia mjomba Nunow, anayeuza mbuzi sokoni. Kacheka mpaka akashika nguzo. "Abti, mpwa wangu, kusoma kote huko, unadunga panya chumvi?" Akawaita wenzake. Mmoja akauliza kama tunataka kuwafanya nyirinyiri, ile nyama ya kukaushwa. Mara Mustaf akapita. Wote wakamwamkia kwa heshima, "Daktari." Mustaf! Juzi tu alikimbia nyigu.

Jumatano, 5 Februari

Adhuhuri. Mustaf kaenda kuswali. Nikabaki nikijifanya natafuta pamba. Chupa zote mbili zina maji angavu, hazitofautiki. Nikabandua karatasi za majina, nikazibadilisha. Kisha nikakimbilia msikitini, nikafika nikihema. Mustaf akanisogezea nafasi kwenye safu. Roho iliniuma kidogo. Nikaikumbuka Nairobi, ikapoa.

Alhamisi, 13 Februari

Ushindi. Panya wangu wamefumbua macho. Wa Mustaf bado wamefumba, wanapapasana kama wanatafuta mlango. Nikamwita Mustaf aone. Nikamwita Shamso, anayesafisha vizimba. Nikamwita Daktari mwenyewe. Nikasema siri ni malezi. Mustaf akasema, "Walahi, Jelle, hongera," bila kijicho chochote. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Daktari akainama muda mrefu. Akauliza tangu lini chumvi inafumbua macho. Panya wa kawaida, alisema, angengoja siku mbili tatu zaidi. Homoni inayozisukuma seli za korodani ndiyo hiyohiyo inayowahisha macho. Akatazama chupa. Akanitazama mimi. Nikasema labda ni joto la Garissa. Shamso akauliza kama joto hilo haliingii kwenye vizimba vya Mustaf.

Jumatatu, 17 Februari

Kazi yote inaanza upya, na panya wapya. Nairobi anakwenda Mustaf. Atazungumzia jinsi macho ya panya yanavyoweza kumwonya mtafiti kwamba makundi yake yamevurugwa. Ameahidi hatanitaja jina. Hata hilo kaninyima.

Daktari hakunifukuza. Safari hii homoni ni yangu, ila chupa inakaa kwenye kabati lake, ufunguo shingoni mwake, na kila tone atalipima yeye. Maji ya chumvi kampa Mustaf. Eti bila kundi hilo homoni haina cha kupimwa nacho, kwa hiyo linataka mtu mwaminifu.

Nimelifikiria jambo hili jioni nzima. Kipenzi chake apewe maji matupu? Chupa ile ya chumvi ina kitu. Kesho, Mustaf akienda kuswali, nitachota kidogo niwadunge wangu.