Jina Langu kwenye Kanga ya Bi Mosi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwisha! Amira karudi kutoka shule macho yamevimba. Mwalimu aliwauliza darasa la nne baba zao wanafanya kazi gani. Mwanangu kasimama, kasema baba yake ndiye anayemchora Chande wa Mkokoteni. Darasa likacheka. Mmoja akatoa toleo jipya la katuni hiyo mkobani, akasoma jalada kwa sauti: Hadithi na michoro, Tarsis. Mwalimu akamwambia Amira aombe radhi kwa kudanganya. Akaomba.

Miaka sita namchora Chande! Kitambi chake, ndala zake, mkokoteni wake wenye gurudumu la kuazima, vyote vimetoka kwenye mkono huu. Tarsis ni mchapishaji. Hajui kuchora hata yai.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepanda kwa Tarsis, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitenge Mtaa wa Congo. Hotuba niliiandaa tangu alfajiri. Nikaisahau mlangoni. Nikasema shikamoo. Ananizidi miaka miwili tu! Akaitikia marahaba bila haya. Nikaomba jina langu liwekwe kwenye jalada, hata dogo, hata pembeni. Akasema jalada limejaa. Akasema watu wananunua Chande, hawaninunui mimi. Nimletee kurasa za toleo lijalo keshokutwa.

Nikashukuru. Nilishukuru nini? Nimelia kidogo kwenye ngazi, watu wakipita najifanya nafuta jasho.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Nilikuwa namtia wino Bi Mosi, mke wa Chande. Kajifunga kanga kama siku zote. Kanga ina maandishi. Na maandishi anayaandika nani? Mimi! Tarsis hatazami michoro, anahesabu tu kama kurasa zimetimia. Basi kila picha ya Bi Mosi, kwenye kanga yake nimeandika: ZAHORO WA MTAA WA NDANDA. Herufi kubwa. Picha kumi na tisa!

Amira atalipeleka toleo hilo darasani, na safari hii atakayeomba radhi ni mwalimu. Mke wangu Badria kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nimemwambia atajua Jumamosi.

Jumamosi, 9 Agosti

Toleo limetoka. Nimesimama kwa muuza magazeti pale Msimbazi saa nzima, nasubiri kutambuliwa. Watu wananunua, wanafunua, wanalisoma jina langu. Kisha dada mmoja anayeuza mitumba akamwambia mwenzake kumbe Bi Mosi ana bwana nje. Mwenzake akasema ndiyo hivyo, tena kamvaa kiunoni mchana kweupe, mumewe anasukuma mkokoteni tu hana habari.

Jamani! Mimi mtoto wa Kariakoo! Nimelelewa na shangazi aliyegombana na jirani miaka mitatu kwa kanga peke yake, bila kufungua mdomo. Mwanamke akivaa jina la mwanamume asiye mumewe, nani atafikiria ni la mchoraji?

Nikakimbia nyumbani. Nimechelewa. Badria alikuwa na toleo mkononi. Akauliza huyu Bi Mosi ni nani hasa. Nikasema ni mchoro tu. Akauliza mchoro wa nani. Swali hilohilo ndilo lililonifikisha hapa.

Nalala sebuleni.

Jumatatu, 11 Agosti

Tarsis kaniita. Nikajua ndiyo nafukuzwa. Kumbe ana furaha! Toleo limekwisha, maduka yanalia yaongezewe, kila mtu anataka kumjua huyo Zahoro. Kaniagiza nimchore: mwembamba, mnafiki, mwizi wa wake za watu. Nikamwambia Zahoro ni mimi. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi sitapata shida kumpatia sura.

Jalada amekwisha kulipanga. ZAHORO! Herufi kubwa kuliko za Chande. Chini: Hadithi na michoro, Tarsis.

Nilitaka kukataa. Nikasema sawa, kaka.

Alhamisi, 14 Agosti

Amira hakulia leo. Bora angelia. Wenzake walimuuliza kama baba yake ndiye Zahoro wa kwenye kanga. Akawajibu hapana, baba yake anaitwa Idrisa, anauza makava ya simu. Hakuna aliyemwambia aombe radhi. Wote wamemwamini.

Nimekaa na karatasi nyeupe tangu adhuhuri, mkono hautaki. Miaka sita nasaka mtu mmoja tu wa kusema kazi hii ni yangu. Nilikuwa naye mmoja, ana miaka kumi. Nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini! Tarsis anataka toleo lijalo Bi Mosi ajifungue. Nitamchora ameshika kadi ya kliniki ya mtoto, ukurasa mzima. Kanga ndiyo iliniponza, kanga kila mtu anajisomea anavyotaka. Kadi ya kliniki ni karatasi ya serikali, haina umbeya. Nimeitoa ya Amira kabatini niiige. Pale palipoandikwa Jina la Baba pana nafasi nzuri sana, majina yangu yote matatu yanaenea, na mtaa juu yake. Safari hii hakuna atakayenielewa vibaya.