Kambi ya Gari-Nyumba Huko Bagamoyo

Jumatatu, 19 Julai 1954. Tabora.

Leo ni miaka mitatu, miezi minne na siku sita tangu niondoke kwetu Bagamoyo. Nilikuja kuponda kokoto za barabara kwa miezi sita. Barabara imekwisha. Nauli yangu ya kurudi nayo imekwisha, kwa namna ambayo siiandiki hata humu. Sasa nachota maji na kupasua kuni kwa Bwana Haliwel, mpima ardhi mstaafu. Mgongo unauma.

Barua ya Pelagia imefika. Baba yake amesema sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti, ndiyo mwisho. Nisipoonekana kanisani siku hiyo, mchumba wangu anapewa Tobias fundi cherehani. Tobias! Anayepiga tarumbeta ya misheni na kuikosea kila Jumapili!

Lakini Mungu yupo. Leo leo Bwana ametangaza safari. Amejenga nyumba juu ya lori kuukuu la jeshi: kitanda, jiko, beseni, mapazia ya maua. Yeye na Memsabu wataliendesha kwa njia ile ya misafara ya zamani mpaka Bagamoyo, wapige kambi wiki mbili karibu na ule mji wa kale. Hapa wana nyumba ya mawe yenye vyumba sita. Wanaiacha ili wakalale ndani ya lori. Sikuelewa. Nikauliza tena. Bado sielewi.

La muhimu: kuna nafasi ya mtumishi mmoja tu, na mahali pa kambi hawajapachagua. Nani Tabora nzima anaijua Bagamoyo? Mimi! Ni kama nimekwisha kufika.

Jumanne, 20 Julai.

Memsabu aliniita barazani, ramani mezani. Nikampa mahali bora kuliko pote: uwanja ulio nyuma ya misheni, hatua mia mbili kutoka kwa mama yangu. Kisima kipo. Kuni zipo. Kengele inalia saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo hawatachelewa kuamka.

Akauliza kama bahari inaonekana. Nikasema kwa fahari kwamba haionekani kabisa, na upepo wake haufiki. Akakunja uso. Akauliza kama kuna watu. Nikamtuliza: watu tele, watoto peke yao wanapata arobaini, watalizunguka gari tangu asubuhi, hatakuwa mpweke hata dakika moja. Akaikunja ramani.

Hapo akapita Masolwa mpishi na chai. Masolwa ni Msukuma wa Igunga. Maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Lakini huku akimimina akasema amesikia habari za mahali huko pasipo na mtu, mchanga mtupu, bahari mbele ya mlango. Memsabu akapiga makofi!

Nikamfuata jikoni kumwuliza amesikia kwa nani. Akasema kwa Memsabu mwenyewe, jana, akiongea na Bwana mezani. Kisha akataka kujua kama ng'ombe hunywa bahari. Nikamwita mwizi. Akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Akasema mimi ni mtani wake, na kati ya watani nani amewahi kushtakiwa kwa wizi? Hiyo ndiyo taabu yangu. Babu zao walipobeba mizigo mpaka pwani walifanya utani na babu zetu. Leo Masolwa akinivua kofia njiani sina haki hata ya kununa.

Jumatano, 21 Julai.

Nimebadili mbinu. Wanataka upweke? Watapata upweke. Nikamwambia Memsabu nimekumbuka ufukwe mwingine, upande wa kusini, hauna mtu kabisa. Akafurahi sana. Laiti ningeishia hapo! Nikaongeza kwamba wenyeji walihama wote kwa ajili ya chui, na wavuvi hawapakaribii kwa ajili ya mzimu wa Mwarabu asiye na kichwa. Nilidhani napamba.

Memsabu akauliza chui ni wangapi. Nikasema wachache.

Sasa anataka kambi yenye upweke na yenye usalama. Vyote pamoja! Kwetu mtu akitaka usalama hukaa na watu, akitaka upweke huwa ana ugomvi na watu. Hawa hawana ugomvi na yeyote. Nimechanganyikiwa.

Bwana ameamua: Jumamosi watalala ndani ya gari kwa majaribio, uwanjani kwenye njia ya Kwihara. Mtumishi atakayeonyesha kwamba anaijua kazi ya kambi ndiye atakayekwenda.

Ijumaa, 23 Julai.

Nimekwenda kwa Mzee Ngollo, mlinzi wetu. Baba yake alikuwa mpagazi, alifika pwani mara nne na mzigo kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuomba tumbaku papo hapo, nikampa. Akanieleza: msafara ukifika kambini, kabla ya kupika, kabla hata ya kukaa, watu hukata miiba na kuzungusha boma. Chui hapiti. Mwizi hapiti.

Upweke na usalama! Nikamkumbatia. Akashtuka, akaniuliza nimefiwa na nani.

Jumamosi, 24 Julai.

Nimekata migunga tangu asubuhi. Mikono yote damu. Bwana na Memsabu walipokwenda kutazama machweo, nikalizungushia gari boma, la kunifika kifuani, limekaza kila upande, matawi mengine nikayasukumia mpaka chini ya gari. Kazi safi. Masolwa alikaa juu ya sanduku akimenya viazi. Akauliza Bwana ataingiaje. Nikamwambia watu wa lambo hawajui kambi.

Bwana aliporudi alilitazama boma muda mrefu. Akasema neno moja la Kizungu. Nikalipokea kama sifa. Nikawafungulia upande mmoja, wakaingia, nikafunga.

Jumapili, 25 Julai.

Asubuhi Bwana akawasha gari ili aligeuze. Hakuniita nifungue. Akarudi nyuma.

Sauti ilikuwa ndefu. Matairi sita, yote pancha. Memsabu akatoka na gauni la kulalia akauliza ni nyoka gani huyo.

Nilikwenda misa ya pili. Nikasali kwa moyo wote. Sikuomba msamaha, niliomba mipira ya lori. Baadaye nikazunguka maduka yote ya Kanyenye. Ipo ya baiskeli tu.

Jumanne, 27 Julai.

Bwana ametuita sote wawili. Matairi ya aina ile yako Dar es Salaam. Kwa hiyo gari litapandishwa juu ya behewa la wazi, liende kwa treni ya Alhamisi, livalishwe matairi huko, kisha Bagamoyo. Mtumishi akae nalo juu ya behewa njia nzima, alilinde.

Ajabu, akanitazama mimi kwanza, tena kwa upole. Alisema Memsabu amenitetea: kwa vyovyote vile, chui hakuja.

Nikawaza haraka. Kukaa juu ya behewa siku mbili, jua la Dodoma, moshi wa injini mdomoni! Hiyo ni adhabu, nimeigundua. Na yule mwingine bila shaka atapanda ndani na Bwana, kwenye viti, ashike kikapu. Nikasema Masolwa ana macho makali kuliko mimi, mimi usingizi hunishinda.

Masolwa akanivuta pembeni. Akaniuliza kama nina hakika, maana habari ya Pelagia anaijua, na utani nao una mpaka wake. Akasema niseme tu, ataniachia. Nikamwambia aende, mtani, aende salama. Nilijizuia kucheka.

Alhamisi, 29 Julai.

Stesheni. Nimevaa koti langu jema. Nikabeba kikapu cha Memsabu mpaka daraja la kwanza, nikaweka mguu kwenye ngazi. Bwana akaniuliza nakwenda wapi.

Nikasema Bagamoyo.

Akasema mtumishi wa safari ni mmoja, kama alivyosema tangu mwanzo, naye yuko juu ya behewa. Mimi nibaki, nimwagilie maua mpaka watakaporudi mwisho wa Agosti.

Mwisho wa Agosti!

Nikakimbia hadi nyuma ya treni. Masolwa hakuwa juani. Alikuwa amejilaza ndani ya gari-nyumba, kitandani, mapazia yamefunguliwa, anakula karanga. Nikampa dirishani ile barua ya Pelagia iwe ushahidi, nikamwagiza amwombe baba yake Pelagia angoje kidogo. Nikavua koti nikampa, ili Pelagia akiliona ajue huyu ni mtu wangu. Nikamweleza njia yote, misheni, kisima, nyumba ya tatu yenye mlango wa buluu. Akauliza kama Pelagia anapenda mwanamume anayejua kupika. Nikasema anapenda sana. Utani tu. Treni ikaondoka.

Ijumaa, 30 Julai.

Nimemwagilia maua. Mzee Ngollo ameniuliza koti liko wapi. Nikamweleza. Akanirudishia tumbaku yangu yote bila kuombwa. Sijui kwa nini.

Sina wasiwasi. Masolwa ana maneno matamu, atanisemea vizuri. Tobias atakoma mwenyewe. Na leo nimesikia kwamba Mzungu wa nyumba ya pili, yule mrefu, naye anajenga nyumba juu ya lori. Nimekwenda mara moja. Nimemwambia Bagamoyo hakuna nisichokijua, tena natengeneza kambi ambayo chui hakanyagi. Amenisikiliza sana.

Anaondoka Desemba. Kwa hiyo nitafika kwetu tarehe ishirini na nne, kabla ya misa ya Krismasi. Miiba nimeanza kukata leo. Safari hii nitaweka mlango.