Mkaguzi Apande Mlimani, Mama Mzazi Abaki Chini?

Steve wangu anakwenda jandoni!

Ndugu Mkuu wa Afya, salamu sana. Nyumbani hawajambo? Mimi ni Mama Steve, msusi wa Jules Street, Malvern, hapa Johannesburg. Nimetoka Bukavu, nikaolewa na Mxhosa wa huku. Kwetu mtoto wa kiume hutahiriwa hospitali angali mchanga. Baba yake akakataa: wa kwake atangoja jando la mlimani, kama wanaume wote wa ukoo. Nimengoja miaka kumi na minane, huku Mama Pacifique wa kanisani akiniuliza kila Jumapili, "Bado tu, Mama Steve?" Juzi nilimjibu kwa vigelegele.

Lakini sheria zenu, eish!

1. Mnataka daktari ampime Steve kwanza. Ampime nini? Mabega yale mlango wa saluni anaupita ubavu! Akilala, kifua kinapiga mluzi kama treni. Hiyo ni nguvu.

2. Mnasema kila kijana awe na kisu chake. Hapo sina neno. Nimemnunulia kizuri, kinakata hata mfupa wa mbuzi. Ngariba amekikataa.

3. Mmeamuru vijana wasinyimwe maji. Maji matupu, ndugu yangu? Steve bila bugali na sombe, majani yetu ya muhogo, hasinzii. Gari la mkaguzi wenu wa jando linapanda tupu. Libebe sufuria yangu.

4. Huyo mkaguzi mwenyewe, mtu wa Randburg asiyemjua Steve, ataingia kumtazama. Mimi niliyemzaa nikisogea, wazee wataniambia, "Mama, rudi, huku mwanamke hafiki." Basi mkaguzi aondolewe, ama niajiriwe mimi. Sare nitajishonea.

Nisalimie ofisi nzima, hata mlinzi wa getini, nasikia ni Mkongomani mwenzetu.

Wako kwa heshima na uchungu wa uzazi,
Mama Steve

Tanbihi: Barua ilikuwa mkobani tulipokwenda kwa daktari. Alimsikiliza Steve kifua, akaniambia ukweli. Ule mluzi niliousifu ni pumu. Na mlimani baridi ya Juni! Amempa dawa, mwaka huu haendi. Nimelia, nikamkumbatia daktari mpaka miwani ikaanguka. Yote niliyoandika yafuteni. Sheria iacheni, tena ikazeni. Ila mbuzi wa sherehe wameshanunuliwa na Mama Pacifique ameshaalikwa. Steve atakaa kiti cha mbele, suti mpya, mzima kama nilivyomzaa. Mje wote, na daktari, na mkaguzi: Jumamosi ya pili ya Julai.